Somo: Mshale wa oili umelala? Pima haya kabla hujakubali injini ishushwe

Mwenye Land Cruiser HZJ75, ule mkonga wa miaka ya tisini wenye injini ya 1HZ, anaijua hofu hii. Uko njiani, unatupia jicho dashibodi, mshale wa oili umelala chini kabisa. Injini inanguruma kama kawaida, joto liko katikati, lakini mshale hauinuki. Gereji ya kwanza unayofika unaambiwa beringi zimekwisha, tushushe injini. Mimi niliambiwa hivyohivyo, bei na siku za kazi nikapangiwa. Kumbe kilichokufa ni sensa ya presha ya oili, kidude cha kuenea kiganjani.

Lakini tusidanganyane: mara nyingine mshale unasema kweli. Kwa hiyo la kwanza ni kuzima gari. Kama kuna mlio wa chuma kugonga chuma huko chini, usiwashe tena hata kwa majaribio, livutwe. Kama ni kimya, simamisha gari sehemu tambarare, ngoja dakika tano hadi kumi oili ishuke kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), kisha chomoa stiki ya kupimia. Angalia kiasi, halafu isugue oili vidoleni na uinuse. Ikinuka dizeli na kuwa nyepesi kama maji, una tatizo jingine kubwa kuliko geji (saa yenye ule mshale). Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yote hayo yakiwa salama ndipo tuendelee.

Kwanza uelewe hiki kitu kinavyofanya kazi, maana ndiyo sababu ya vipimo vyote. Ndani ya sensa kuna kipande cha bati la metali mbili zilizogandishwa pamoja, kimezungushiwa waya wa kupasha moto. Presha ya oili inasukuma pointi zigusane, umeme unapita, bati linapata moto, linajikunja, pointi zinaachana. Linapoa, zinagusana tena. Presha ikiwa kubwa, pointi zinakaa zimegusana muda mrefu zaidi. Kwenye geji kuna bati kama hilo, nalo linakunjwa na umeme huohuo na kuvuta mshale. Ndiyo maana mshale wa Toyota za enzi hizo hupanda taratibu na kushuka taratibu. Ukiuona unarukaruka kama panzi, shuku waya uliolegea kabla ya kushuku pampu.

Hatua ya 1: Fyuzi na majirani

Weka swichi ON bila kuwasha injini. Kama geji ya mafuta na ya joto nazo zimekufa, achana na oili kabisa. Tafuta fyuzi iliyoandikwa GAUGE, kisha plagi na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) nyuma ya dashibodi. Ikiwa ni ya oili peke yake, endelea.

Hatua ya 2: Geji na waya wake

Fuata waya mmoja unaoingia kwenye sensa, ubavuni mwa injini jirani na filta ya oili. Chomoa. Sasa chukua globu ndogo ya dashibodi, ya wati 3.4, uiunge kati ya ncha ya ule waya na chuma safi cha injini. Swichi ON, injini imezimwa. Globu inatakiwa kuwaka, pengine hafifu, na mshale uanze kupanda polepole.

Globu ikiwaka na mshale ukapanda, geji na waya ni wazima. Ikiwaka lakini mshale umekataa, geji imekufa. Isipowaka kabisa, waya umekatika mahali au geji imeungua ndani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mafundi wengi hawatumii globu, wanagusisha waya moja kwa moja kwenye injini. Nilifanya hivyo. Mshale ulipanda mpaka mwisho, nikafurahi, nikageuka kuchukua spana. Niliporudi ulikuwa umeshuka na haukupanda tena. Ule waya wa ndani unaopashwa moto haukujengwa kupokea umeme mfululizo bila kizuizi, na globu ndiyo kizuizi chenyewe. Geji nyingine nilikwenda kuitafuta kwa wanaochinja magari.

Hatua ya 3: Sensa

Geuza kazi ya globu. Upande mmoja unganisha chanya ya betri, upande wa pili ncha ya sensa. Injini ikiwa imezimwa, globu isiwake. Ikiwaka, pointi za ndani zimegandana. Washa injini: globu inatakiwa kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na ukipiga resi mwendo huo ubadilike. Ukiona hivyo sensa ni nzima na presha ipo.

Globu isipopepesa kabisa, ama sensa imekufa ama presha haipo kweli. Zima. Usijaribu kuamua kwa kupima omu, kwa sensa ya aina hii mita itakuchanganya tu: injini imezimwa njia imekatika, injini inafanya kazi namba zinacheza.

Hatua ya 4: Hakimu

Fungua sensa, weka mahali pake geji ya presha ya mkono yenye mpira. Angalia nati ya kuunganishia. Toyota hutumia nyuzi za BSPT (za Kiingereza) inchi 1/8, nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi zinazouzwa kwa seti huja na NPT ya Kimarekani, nyuzi 27. Kwa macho ni pacha, zitaingia mizunguko miwili mitatu halafu zitakaza. Ukilazimisha unaharibu tundu la bloku. Nunua adapta.

Washa. Kama mshale wa geji ya mkono haujainuka ndani ya sekunde chache, zima papo hapo. Mazungumzo ya beringi na pampu sasa ni halali. Ukiinuka, acha injini ipate joto lake la kawaida, ndipo usome. Vipimo vya Toyota kwa injini nyingi za kundi hili ni hivi: bila kukanyaga mafuta, kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba au zaidi. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kati ya kilo 2.5 na 6. Kusoma injini ikiwa baridi hakuna maana, oili baridi ni nzito na inampendeza kila mtu.

Hatua ya 5: Kufunga

Sensa mpya inapata ethi yake kupitia nyuzi zenyewe. Ukiizungushia tepu ya mafundi bomba mara nne tano, unaweza kuikatia ethi, na geji ikasoma chini au isisome. Tumia gundi ya nyuzi kidogo, acha nyuzi za mwanzo wazi. Angalia pia ule mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina Hilux ya zamani, haina geji, ina taa nyekundu tu. Inawaka nikiwa naendesha.
Zima kwanza, pima oili. Hiyo si sensa, ni swichi: presha isipokuwepo inafunga njia ya ethi, taa inawaka. Chomoa waya wake, weka swichi ya ufunguo ON. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na kugusa bodi. Ikizima, ni swichi mbovu au presha haipo kweli, nenda hatua ya 4. Kwa taa hii kugusisha waya kwenye chuma hakuna shida, globu ya dashibodi yenyewe ndiyo kizuizi.

Fundi, mshale wangu uko juu kabisa muda wote, hata nikiwa nimezima injini na swichi iko ON.
Chomoa waya kwenye sensa. Mshale ukishuka, sensa imegandana. Usiposhuka, waya umegusa chuma mahali, anza kuutafuta unapopita karibu na eksozi. Ila hii ni kwa Toyota za aina hii. Kwenye magari mengi ya GM ya Marekani ni kinyume: waya ukikatika ndipo mshale hupanda mwisho.

Nilifunga sensa mpya ya bei poa, sasa geji inasoma nusu ya zamani. Injini imechoka ghafla?
Kaka, injini haichoki kwa kubadilishiwa sensa. Umefunga isiyoendana na geji. Hakikisha pia gari lako ni la volti ngapi, kuna Land Cruiser zilizotoka Japani za volti 24. Betri mbili si ushahidi, zinaweza kuwa zimeungwa sambamba zikabaki volti 12. Pima kwa mita. Na globu ya majaribio iwe ya volti hizohizo.

Mchana wa jua la Dodoma, nikiwa foleni mshale unakaribia sifuri, nikikanyaga mafuta unapanda. Nibadilishe pampu?
Oili ya moto ni nyepesi, kushuka ni kawaida. Swali ni unashuka mpaka wapi. Geji ya mkono ikisoma juu ya 0.3 injini ikiwa na joto, endelea na kazi. Ikisoma chini ya hapo, badilisha oili na filta halisi, pima tena, ndipo umwite fundi wa injini.

Nikiweka oili nzito au ile dawa ya kuongeza unene si mshale utapanda?
Utapanda. Ndivyo baadhi ya magari yanavyouzwa. Wewe mnunuzi nenda na geji yako ya mkono.