Tumbo linarudi kila mwezi? Kabla hujanunua vidonge tena soma hapa

Hapa Lamu mtu akianza kuharisha tu, huyo duka la dawa, nipe Flagyl, ile antibayotiki, anapewa ya siku tano anameza ya siku mbili, tumbo likitulia zilobaki zinangoja jirani augue. Mimi nimefanya hivo miaka, sijifichi, na tumbo likawa larudi tu.

Kwanza hesabu siku. Ya siku mbili tatu mara nyingi ni virusi au chakula, yataka ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kukoroga na maji, na subira. Ikipita wiki nne hiyo ni sugu, na hapo yaweza kuwa si vijidudu kabisa, manake kuna kolaitisi ya vidonda na Crohn's, kinga yako mwenyewe ndio inauchoma utumbo, na hayo huyamalizi kwa antibayotiki. Ukiona damu, unakonda, au tumbo linakuamsha usiku wa manane, usikae nyumbani yakhe. Ila TB ya utumbo nayo inafanana sana na Crohn's, na dawa nyingi za Crohn's zinashusha kinga, kwa hivo muulize daktari kama TB imetafutwa kwanza.

Alafu peleka choo maabara kabla hujameza antibayotiki. Usiridhike na darubini peke yake, uliza kama wanakuza vijidudu (culture), siku mbili tatu hivi unajua ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Ukishakunywa dawa anaweza asionekane. Na ukiambiwa taifodi kwa Widal moja tu, kile kipimo cha damu, uliza tena, hicho kipimo kinadanganya sana.

Hizi dawa za kubahatisha zinaua bakteria wanyonge, wale wagumu wanabaki wanazaliana, na ugumu wanapeana hata na bakteria wa aina nyingine. Zinafagia na wale wazuri wa tumboni, hapo anaingia C. difficile, bakteria wa kuharisha, anapenda sana mtu mwenye utumbo ulovimba na hali yake inafanana na ugonjwa kuzidi, kwa hivo mgonjwa akizidiwa atafutwe na bakteria huyo pia. Sanitaiza haimuui, ni sabuni na maji ya kutiririka.

Dawa za maumivu kama Diclofenac na Brufen zaweza kuamsha uvimbe wa utumbo, mwambie daktari kama unazitumia.

Kamera ya utumbo mimi ilibidi nivuke kwa boti hadi Mokowe, bara, nishike basi la Mombasa. Beba daftari, tarehe, mara ngapi chooni, na maganda ya dawa zote. Daktari alipoyaona yangu aliuliza kitu kimoja tu, nani kakuandikia hizi.