Jinsi ya Kubuni Metali na Deraya za Kichawi kwa Michezo ya Njozi

Anayebuni metali ya kichawi kwa mchezo wa njozi wa kuigiza wahusika aanze na mgodi, kwa kuwa metali isiyo na asili hubaki kuwa nambari tu ya kujumlisha kwenye dadu. Sisi wa Uganda tuna mfano karibu: shaba ya Kilembe ilichimbwa kando ya milima ya Rwenzori, karibu na Kasese, kisha ikasafirishwa kwa reli hadi Jinja, mamia ya kilomita upande wa mashariki, ikayeyushwe huko. Weka umbali kama huo katika ulimwengu wako, nawe utapata misafara, wanyang'anyi, ushuru wa njiani na mji uliotajirika kwa tanuri zake.

Kisha chagua tabia moja ya kweli ya metali na uikuze kupita kiasi. Shaba hupitisha joto upesi sana. Kwa hiyo mimi nilibuni metali niliyoiita umande, inayofyonza joto la chochote kinachoigusa na kutoka jasho la maji hata juani. Deraya ya umande, yaani vazi la vita la metali hiyo, hupunguza nusu ya madhara ya moto, lakini haibagui: humfyonza joto mvaaji pia, naye hupoteza alama moja ya nguvu kila saa, isipokuwa amevaa ndani yake nguo nzito ya gome la mutuba, mti wa kwetu Uganda. Naipenda kanuni hii kwa sababu kinga na adhabu vinatoka katika chanzo kimoja, na mchezaji huikumbuka bila kufungua daftari.

Kazi ya mhunzi nayo isirukwe. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, chuma kwenye 1,538, joto ambalo tanuri za kale kwa kawaida hazikulifikia. Ndiyo maana wahunzi wengi wa kale, wakiwemo wale wa Bunyoro waliosifika kwa majembe yao, hawakumimina chuma kwenye kalibu, bali walitoa tanurini bonge lenye vitundu, wakalifua hadi mavi ya chuma, yaani takataka zake, yakatoka. Ukiamua kwamba umande hufuliwa usiku tu, kwa mivukuto ya watu wanne wasiopumzika, bei yake itajieleza yenyewe.

Kuhusu uzito, usizidishe. Deraya kamili ya mabamba ya chuma huko Ulaya ilikuwa na kilo 15 hadi 25 hivi, zilizogawanywa mwili mzima, na aliyeizoea aliweza kukimbia na kupanda farasi. Taja sehemu zake kwa majina: chapeo ya kichwani, dirii ya kifuani.

Mwishowe ijaribu mezani kwa mapambano matatu au manne. Ukiona kila mchezaji anaitaka deraya hiyo bila kusita, ongeza gharama yake. Ukiona hakuna anayeigusa, punguza baridi kwanza kabla ya kuongeza kinga.