Kabla hujafuta mafaili ya zamani, hakikisha bakapu inafunguka kweli

Disk imejaa, kompyuta inalalamika nafasi hakuna, na kidole kinakuwasha ufute mapicha na mavideo ya miaka 5 iliyopita kwa sababu eti "si nishabakapu". Ngoja kwanza. Mimi niliwahi kuhamishia foda zima kwenye flashi, nikaona majina yapo nikaridhika nikafuta huku, kuja kutafuta video moja ndefu baada ya miezi haipo, kumbe flashi ilikuwa na fomati ya FAT32 ambayo haibebi faili moja linalofika GB 4, na kompyuta ilinitolea onyo kabisa ila mimi nikabonyeza kuruka bila kusoma.

Kwa hiyo kuona foda lipo kule haitoshi. Anza na hesabu: fungua sifa za foda la huku na la kule, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti, namba yote mpaka tarakimu ya mwisho, na usiangalie ule ulioandikwa "Size on disk" maana huo unabadilika kutegemea disk yenyewe ilivyogawanywa. Zikitofautiana hata kidogo usifute kitu mpaka ujue kilichobaki ni kipi.

Halafu itoe hiyo disk au flashi kwa utaratibu, ichomeke upya, ikiwezekana kwenye mashine nyingine, ndio ufungue mafaili. Ukifungua palepale baada ya kukopi kompyuta inaweza kukuonyesha kilichobaki kwenye memori yake na sio kilichoandikwa kwenye disk. Jaribu lile kubwa kuliko yote, la zamani kuliko yote, na lililokopiwa mwisho, na video usiangalie sekunde 3 za mwanzo tu, ruka mpaka mwishoni. Kwa vitu ambavyo ukipoteza utalia, pima alama ya SHA256, yaani msururu wa herufi na namba unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili: Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike certutil -hashfile kisha jina la faili kisha SHA256, Linux ni sha256sum, Mac ni shasum -a 256. Alama ya huku na ya kule zikifanana herufi kwa herufi, kopi ni ileile.

Sasa kwenye simu ndiko watu wanaliwa sana. Google Photos na picha za iCloud zinafanya kazi ya kusawazisha, yaani ukifuta picha kwenye simu inafutika na kule mtandaoni. Kwenye Google Photos tumia kile kitufe cha kuongeza nafasi, chenyewe kinaondoa zilizo kwenye simu tu ambazo zimeshapanda. Ukikosea, picha iliyokuwa imebakapiwa inakaa kwenye tupio siku 60, iCloud ni siku 30, baada ya hapo ndio basi tena.

Mtego kama huohuo upo kwenye programu za bakapu zinazoiga foda lako kama kioo, mfano robocopy yenye /MIR au rsync yenye --delete. Unafuta leo kwenye kompyuta, usiku programu inapita, inaona faili halipo, nayo inalifuta kule. Kule kwenye bakapu, vitu vya zamani vihamishe kwenye foda ambalo hiyo programu hailigusi kabla hujafuta chochote huku.

Na ukishafuta huku, ile ya kule sio bakapu tena jamani, ndio faili lenyewe limebaki moja, kwa hiyo yale ya maana yawe na kopi nyingine mahali tofauti.

Kufuta kwenyewe ni rahisi. Yatupe kwenye foda moja uliite "ya kufuta", kaa nalo wiki 2 uone kama kuna kitu utakihitaji, ndio ufute kawaida bila Shift+Delete ili yapitie kwenye pipa. Flashi mara nyingi haina pipa kwenye Windows, ukifuta limeenda. Watu wa Linux, amri ya find iendeshe kwanza na -print usome orodha, kisha hiyo -print uibadilishe iwe -delete na ibaki mwishoni kabisa, maana ukiiweka mbele ya masharti inafagia foda lote. Nafasi isipoongezeka usishangae, pipa bado halijamwagwa.