Michoro ya Kolo ikififia machoni, tumia simu, usitumie maji

Ukienda Kolo, kama kilomita 20 kaskazini ya mji wa Kondoa, Tanzania, utakuta michoro mingi ya kale ya miambani imefifia hadi unahisi unatazama jiwe tupu. Piga picha bila flashi ukiwa kivulini, kisha papo hapo fungua sehemu ya kuhariri, vuta ukolevu wa rangi (saturation) hadi mwisho na uongeze utofautishaji (contrast) kidogo. Twiga na watu wembamba wenye vichwa vikubwa wanajitokeza. Ukishawaona kwenye kioo, inua macho: sasa utawaona hata kwenye mwamba. Inafanya kazi kwa sababu wino wa michoro hiyo ni udongo mwekundu wenye chuma, na wekundu ule bado upo, ila umezidiwa na kijivu cha jiwe, simu inautenga.

Haisaidii kwa michoro myeupe, ile ya baadaye, kwani nyeupe haina rangi ya kukolezwa. Hapo ongeza utofautishaji peke yake. Jua likipiga mwamba moja kwa moja pia hupati kitu. Subiri kivuli kigeuke.

Na tafadhali, usirushie michoro maji wala kuipangusa kwa mkono ili ing'ae. Maji huacha chumvi juu ya jiwe na rangi hubanduka. Ni urithi wa dunia tangu 2006, na kwa Warangi, wenyeji wa Kondoa, baadhi ya mapango yenye michoro hiyo bado ni mahali pa matambiko. Mwombe mwongozaji akuoneshe pa kusimama.