Beringi ya giaboksi: taja namba, usitaje gari

Wenye Peugeot 504 na magari mengine ya zamani hapa Malindi, mkiambiwa beringi ya giaboksi haipatikani, msikate tamaa. Ing'oe ile mbovu, ioshe kwa dizeli, sugua chaki ubavuni kisha pangusa: namba itabaki nyeupe ndani ya chuma. Nenda nayo kwa wauzaji wa beringi za pampu za maji na mashine za posho, uwatajie namba tu. Ukitaja gari, watakwambia hakuna kabla hujamaliza kuuliza. Vipimo hivi ni vya kimataifa: 6206 ni tundu la milimita 30, kipenyo cha nje 62, unene 16, hata iwe imetengenezwa na nani. Sili ya oili (mpira unaozuia oili isivuje) nayo huandikwa vipimo vyenyewe kwa mfuatano huohuo, mfano 35-52-10. Soma na herufi zinazofuata namba ya beringi: N ni mfereji wa klipu (pete ya chuma inayoishikilia beringi) kwa nje, na beringi isiyo nao haitashikika mahali pake. C3 ina nafasi zaidi ndani, kati ya gololi na pete zake, usiibadilishe kiholela. Land Rover kuukuu nyingi zina vipimo vya inchi, hapo usilazimishe ya milimita inayokaribiana. Kwa gia zenyewe na sinkro (pete zinazosaidia gia kuingia laini), njia hii haisaidii.