Usingizi ukikukimbia: hatua tulizopita mimi na mwalimu jirani yangu

Juni mwaka jana, asubuhi saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa ndiyo kwanza navua viatu vya zamu ya usiku mwalimu jirani yangu alipopiga hodi. Kitenge kichwani, sweta la marehemu mumewe mwilini, macho mekundu kama ya mtu aliyeshinda jikoni kwenye moshi. Nikamwamkia, hakuitikia. Akasema, "Mwanangu, si mna ile sindano ya usingizi? Nichome hapahapa mlangoni."

Alikuwa amezika mume mwezi Machi. Ana sukari, ana presha, na magoti yanamsumbua. Cha ajabu, siku za msiba alilala vizuri tu: mikeka sebuleni, wadogo zake kulia na kushoto. Arobaini ilipopita kila mtu akapanda basi lake, nyumba ikabaki na yeye na mjukuu wa darasa la tano. Usingizi nao ukaondoka na wageni.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa kumi na nane, na kukesha nakujua kwa mwili wangu pia. Niliwahi kukesha karibu miezi minne baada ya upasuaji, na ndoa ilikuwa inavunjika wakati huohuo. Kwa hiyo haya nimeyapita mara mbili, mara ya kwanza vibaya. Mwalimu ameniruhusu niandike, mradi nisitaje jina lake wala mtaa wetu.

Kabla ya hatua yoyote

Kama pamoja na kukosa usingizi chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, na kila siku unazinduka saa tisa usiku moyo ukiwa mzito, na hali hiyo imefika wiki mbili, huenda hiyo ni sonona. Ina matibabu yake, nenda ukapimwe. Na kama umeanza kuwaza kufa, weka mwongozo huu chini. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, akusindikize hospitali leo, si kesho.

Najua hapa Dodoma tatizo ni jina. Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, ipo tangu 1927, na hadi leo mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mirembe. Watu wanaogopa kuonekana pale getini. Lakini wapo tele wanaoingia asubuhi kliniki, wanachukua dawa zao, na mchana wako nyumbani wanasonga ugali. Ukishindwa kabisa, hospitali za rufaa za mikoa nazo zina huduma ya afya ya akili, na foleni ya pale haina jina.

Hatua ya 1: Mwaga dawa zako zote mezani

Zote, hata zile za kwenye pochi. Ya mwalimu tulipoimwaga, tukakuta dawa ya presha ile inayokojoza, na alikuwa anaimeza usiku baada ya kula "ili nisisahau". Halafu analalamika kwamba anaamka saa saba, saa nane na saa kumi kwenda chooni. Tulimwona daktari wake, dawa ikahamishiwa asubuhi. Sukari nayo ilikuwa juu, na sukari ikiwa juu mkojo hauna adabu. Ilivyorekebishwa, safari tatu za chooni zikawa moja.

Dawa nyingine za kuulizia ni prednizoloni, ambayo kwa kawaida humezwa asubuhi, baadhi ya dawa za pumu, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, ambazo huleta ndoto kali au kumnyima mtu usingizi. Uliza, usihamishe saa wala kuacha dawa kwa uamuzi wako. Mwambie daktari pia kama unakoroma mpaka pumzi inakata, au kama usiku miguu inakutambaa kama ina sisimizi ndani. Huyo wa miguu mara nyingine ana upungufu wa madini ya chuma.

Sasa Piriton. Mwalimu alikuwa anameza tatu kila usiku, kanunua mwenyewe duka la dawa. Ile ni dawa ya mafua na mzio, kusinzia ni madhara yake tu. Mtu mzima inamkausha mdomo, inamfunga choo, inamwangusha akienda msalani, na kesho yake bado ana ukungu kichwani. Siipendi, na nikiikuta kwenye kabati la mtu mzima huwa nasema. Valium, ile dawa ya kutuliza na kulaza, ni habari nyingine: kama umeitumia kila siku kwa wiki kadhaa, USIIACHE GHAFLA, unaweza kupata degedege. Inapunguzwa kidogokidogo na daktari.

Hatua ya 2: Daftari, wiki moja

Daftari la shule la kurasa 40. Usiniletee programu ya simu wala saa ya mkononi inayokupigia hesabu, maana mtu asiyelala akipewa saa ya kumwambia hajalala anazidi kukesha. Kila asubuhi andika ulipanda kitandani saa ngapi, umeshuka saa ngapi, na kwa kukadiria tu umelala muda gani. Usiku usitazame saa, igeuze uso ukutani.

Hatua ya 3: Chumba

Giza, kimya, simu sebuleni, chai ya rangi mwisho saa nane mchana. Haya mnayajua.

Hatua ya 4: Punguza muda wa kukaa kitandani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipoharibu.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu ulikuwa ule ule wa kila shangazi: "Panda kitandani mapema, hata usipolala, mwili utapumzika." Akawa anapanda saa tatu usiku na kushuka saa kumi na mbili asubuhi. Daftari la wiki lilipokamilika, jumla ya usingizi ilikuwa saa 35, yaani wastani wa saa 5 kwa usiku. Kitandani alikaa saa 9. Kwa hiyo kila usiku kulikuwa na saa 4 za kusikiliza upepo ukibamiza bati na kumkumbuka mumewe. Ukifanya hivyo kwa miezi, kitanda kinageuka mahali pa kuwazia, na mwili unajua hivyo. Anasinzia sebuleni vizuri kabisa, akigusa mto tu macho yanafunguka.

Dawa yake ni kinyume na akili ya kawaida: muda wa kitandani unabanwa ukaribie muda unaolala kweli. Mbinu hii si yangu. Mmarekani Arthur Spielman na wenzake waliiandika mwaka 1987, na leo, ikiunganishwa na nyingine nitakayoitaja kwenye hatua ya tano na kazi ya kushughulikia mawazo, ndiyo matibabu yanayopendekezwa kujaribiwa kwanza, kabla ya vidonge, kwa mtu ambaye tatizo limeshakuwa sugu.

Hesabu iko hivi. Chukua wastani wako wa usingizi. Ukiwa chini ya saa 5 na nusu, usishuke chini ya hapo, weka saa 5 na nusu. Chagua saa ya kuamka isiyobadilika, Jumapili ikiwemo. Mwalimu alichagua saa kumi na mbili asubuhi, kwa ajili ya mjukuu na shule. Rudi nyuma saa 5 na nusu: kitandani ni saa sita na nusu usiku. Kabla ya hapo, marufuku. Wiki ikiisha piga hesabu tena. Kama muda uliolala umefika 85 kwa 100 ya muda uliokuwa kitandani (kwa dirisha, yaani muda wa kitandani, la saa 5 na nusu, hiyo ni kama saa 4 na dakika 40), ongeza dakika 15 upande wa kulala. Haujafika, baki hapohapo.

Siku za mwanzo utanichukia. Siku ya nne mwalimu alipita mbele ya mlango wangu bila salamu. Kichwa kizito, hasira, na chumvi kwenye mboga mara mbili. Ndiyo maana kuna watu ambao hawaifanyi bila daktari: mwenye kifafa, maana kukosa usingizi kunachokoza kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, mjamzito, na mzee anayeyumba akitembea. Anayechoma insulini aongee kwanza na kliniki yake. Dereva, bodaboda, fundi wa mashine: ngoja likizo, au usifanye.

Wiki ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili hatukuona kitu. Daftari linasema saa sita na nusu mpaka saa kumi na mbili, mwandiko mzuri wa kiualimu, na usingizi umeng'ang'ania saa 4. Nikaanza kuwaza labda ni goita, labda nimekosea hesabu. Nikakaa naye jioni mbili nzima, saa kwa saa, nikiuliza kahawa, chai, dawa. Hamna. Wiki ya tatu nikampa mjukuu pipi, nikamuuliza, "Bibi huwa anafanya nini jioni?" Akasema, "Anaangalia taarifa ya habari amefumba macho."

Kumbe! Saa mbili usiku taarifa inaanza, mwalimu yuko kwenye kochi, blanketi magotini. Saa mbili na robo hayupo duniani. Anazinduka saa nne kasoro, anafuta mate, anaandika kwenye daftari kwamba alikuwa macho. Hakunidanganya. Kwake kusinzia kwenye kochi si kulala, kulala ni kitandani.

Usingizi ni kama njaa. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na ndiyo inayokulemea usiku (kahawa inakuchangamsha kwa kuuzuia ubongo usiisikie). Kusinzia saa mbili ni kula maandazi matano ugali ukiwa motoni. Saa sita na nusu njaa itoke wapi?

Kwa hiyo, sheria za jioni:

Kochi liachwe. Kaa kwenye kigoda au stuli isiyo na egemeo. Mtu hasinzii vizuri kwenye kigoda, nimejaribu.

Kazi ndogo za kusimama zihifadhiwe kwa saa tatu hadi saa sita: kupiga pasi sare, kuosha vyombo, kupanga kabati. Mwalimu alipanga nguo za marehemu, kidogokidogo, za kugawa na za kubaki. Alilia. Nilimwacha alie, kwani kulia hakuko kwenye orodha ya makosa.

Mchana usilale, hata jua la Oktoba likikusukuma chini ya mwarobaini. Ukishindwa kabisa, dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri.

Na hili la hapa kwetu: Juni na Julai usiku una baridi kali, na ukiwa umekaa macho utatamani kuingiza jiko la mkaa ndani. Usithubutu. Hewa yake haina harufu na inaua watu waliolala. Vaa sweta mbili na soksi.

Wiki iliyofuata, bila kochi, alilala saa 4 na dakika 50 ndani ya saa 5 na nusu. Tukaongeza dakika 15 za kwanza.

Hatua ya 5: Ukizinduka, toka

Hii ni ya Richard Bootzin, mwaka 1972. Ukiona umekaa macho kama dakika 20, kwa kukadiria, maana saa imegeukia ukutani, toka kitandani. Ndiyo, utoke kwenye chandarua na blanketi ambalo ndiyo limeshika joto. Nenda sebuleni, taa hafifu, fanya kitu kisicho na utamu. Simu hapana. Redio hapana, yatakuja mambo ya bei ya mafuta. Hata kusoma sikupendi sana, hasa kwa walimu, wanaanza kusahihisha. Chaguo langu ni karanga zenye maganda. Sinia moja, unamenya, mikono inashughulika, kichwa kinachoka. Mate yakianza kujaa na shingo kulegea, rudi. Ukizinduka tena, toka tena. Usiku wa kwanza mwalimu alitoka mara tano.

Hatua ya 6: Mawazo yapewe saa yake

Saa kumi na moja jioni, dakika 20, daftari jingine. Upande mmoja unaandika linalokusumbua, upande wa pili hatua ndogo ya kesho. "Mirathi" halafu "kumuuliza mtendaji barua". Likija usiku, unaliambia limeshaandikwa. Yasiyo na hatua, kama kumkosa mtu, yaandike hivyohivyo.

Hatua ya 7: Asubuhi

Kengele ikilia, shuka, hata kama umelala saa 3. Fagia uwanja. Nuru ya asubuhi ndiyo inayoipanga saa ya mwilini, na fagio linakulazimisha kukaa nje nusu saa bila kujiuliza unafanya nini.

Ukirudi nyuma

Utarudi. Malaria, ugomvi, tarehe ya kifo. Usianze upya na usikimbilie vidonge, rudi tu kwenye dirisha lako dogo la mwisho kwa wiki moja. Mwalimu alikuwa amefika saa 6 na nusu, analala saa tano na nusu usiku. Machi hii ilipofika misa ya mwaka mmoja, ndugu wakaja, mikeka ikatandikwa, wakaondoka. Akakesha siku tatu. Ya nne akarudi saa sita na nusu mwenyewe, bila kuniuliza. Jumamosi alimtuma mjukuu kwangu na ndoo ya karanga zilizomenywa, na ujumbe kwamba nisimwamkie mapema, bibi kalala.