Kabla ya kuendesha zoezi la ukaguzi wa nyuklia darasani

Walimu wenzangu wa fizikia wa Mbeya na Iringa, zoezi hili halihitaji chanzo chochote cha mionzi, na tafadhali msikitafute. Maharage yanatosha.

Anzeni na swali lenyewe. Kichwa cha nyuklia kinapelekwa kubomolewa: ni cha kweli au bandia? Kukipima mionzi ya gama kungejibu, lakini kungefichua pia siri za utengenezaji wake, na kuziacha siri hizo zisambae ni hatari kwetu sote. Ndiyo maana kati ya 1996 na 2002 Marekani, Urusi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walishughulikia vifaa vinavyowasha taa ya kijani au nyekundu tu. Lakini mkaguzi ataiaminije taa hiyo bila kukijua kifaa chenyewe? Mwaka 2014 watafiti Alexander Glaser, Boaz Barak na Robert Goldston walichapisha njia ambayo siri haipimwi kabisa. Hiyo ndiyo tunayoigiza.

Mwenyeji, yaani anayeigiza nchi yenye silaha, anajaza makopo mawili, badala ya kichwa cha kweli na kile kinachokaguliwa, maharage idadi ileile, tuseme 60, bila kumwambia mtu. Kisha anaandaa bakuli mbili zenye mfuniko wa tundu, kila moja ikiwa na 40, nayo pia ni siri. Mkaguzi anachagua kopo lipi liende bakuli lipi, yanamiminwa, anahesabu. Akikuta 100 kotekote, ana sababu ya kuamini makopo yanalingana, wala hajui yalikuwa na ngapi.

Hapa maandalizi madogo ndiyo yanayoamua. Maharage yawe ya aina moja. Ukiweka ya njano kwenye kopo na mekundu kwenye bakuli, mkaguzi atayatenganisha na siri imekwisha. Tandikeni kitambaa ndani ya makopo, kwa kuwa mlio wa kopo likitikiswa unasema mengi. Mkaguzi asiyashike, amimine mwanafunzi wa tatu. Uchaguzi ufanywe kwa sarafu, na airushe mkaguzi mwenyewe, baada ya bakuli kufungwa.

Watauliza inatuhusu nini. Urani ya Mto Mkuju iko Namtumbo, huku huku Nyanda za Juu Kusini, na Protokali ya Ziada, makubaliano ya nyongeza ya ukaguzi kati ya nchi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, inadai nchi itoe taarifa za migodi yake ya urani, huku ikiruhusu siri za kibiashara zilindwe wakati wa ukaguzi. Hilo lisemwe kwa kifupi, mrudi kwenye maharage.

Mwisho, mpangeni mwenyeji kwa siri adanganye: kopo moja 60, jingine 56, bakuli 40 na 44. Sarafu ikimwangukia vizuri, zote zinatoa 100. Vibaya, mkaguzi anakuta 104 na 96. Tengeni muda wa raundi tano, makopo na bakuli vikiandaliwa upya kila mara. Kwa raundi hizo, nafasi ya mdanganyifu kupita zote ni 1 kati ya 32, na wanafunzi waikokotoe wenyewe ubaoni.